Ruhusa ya Mjomba

Mkuu wa shule alinikabidhi wanafunzi wasioona kwa sababu moja tu: niliwahi kwenda semina ya wiki mbili ya maandishi ya nukta nundu. Nilirudi na cheti na mkoba wa plastiki, na kuanzia siku hiyo nikawa mtaalamu. Sikukataa. Nilikuwa bado kijana, mtu wa Mbeya niliyepangiwa Morogoro, napenda sifa, na mtu akiniita mtaalamu nilitembea kichwa juu mpaka Mafiga nilikopanga chumba.

Kufundisha hakukunishinda. Kilichonishinda ni swali moja. Zamani kijana akimaliza kidato cha nne aliweza kukaa kusubiri barua ya kupangiwa kazi. Miaka ile barua zilikuwa zimekoma. Viwanda vya mji vilikuwa vinauzwa, mashine zake zinanadiwa, na watu wazima wenye macho yao mawili wanapunguzwa kazini na kurudi kulima mchicha. Sasa mwanafunzi asiyeona akikuuliza, "Mwalimu, nikimaliza niende wapi?" utamwambia nini? Mimi nilikuwa namwambia, "Soma kwanza." Lilikuwa jibu la kujitoa, na muulizaji alijua.

Aliyeniuliza zaidi alikuwa binti mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa wakulima wa mboga huko juu Uluguru, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Bigwa, pale mji unapoishia. Alikuwa na mdomo, Mungu amjalie. Walimu wote alitujua kwa mlio wa viatu, na aliweza kumwiga makamu mkuu mpaka bweni zima likakimbilia vitandani. Taipu ya shule aliipiga kwa kasi kuliko karani wetu. Sauti aliyoisikia mara moja haikumpotea tena. Nilimpenda, na niliogopa siku atakayofunga sanduku lake arudi mlimani akakae jikoni maisha yake yote.

Kazi niliiona nikiwa nanunua sabuni. Palikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla, Mwislamu, mzaliwa wa mji ule kama baba yake. Biashara ziliporuhusiwa, naye alitanuka: akaongeza ghala, akaongeza mashine ya kukamua alizeti, na kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa akanunua swichibodi ya zamani, ile ya kupokea simu na kuziunganisha ofisi hii na ile. Hakuwa na mtu wa kuikalia. Siku ile ililia mpaka ikanyamaza yenyewe huku mzee akigombana na dereva wa lori. Nilichungulia. Simu ikiingia, kifuniko kidogo cha chuma kilidondoka, tak, na mtu angeweza kukipapasa kwa kidole akajua ni laini ipi. Macho hayakuhitajika hata kidogo. Nilisahau chenji yangu kaunta.

Mtihani wa mwisho uliisha Alhamisi. Kesho yake asubuhi nilimvalisha binti sketi yangu nzuri, nikamshika mkono, tukaenda. Miaka sita naishi mji ule, na sikukumbuka kwamba ni Ijumaa.

Ijumaa maduka ya mjini hutoa sadaka. Wasioona, wenye magongo, wazee wasio na watu, hupita mlango kwa mlango, na wenye maduka huweka bakuli la sarafu karibu. Tulipoingia mzee alikuwa anasoma gazeti. Hata salamu hatujamaliza, mkono wake ukaenda kwenye bakuli, ukachota, ukamtia binti sarafu kiganjani. "Mniombee dua," akasema, na macho bado yako kwenye gazeti.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia kwamba huyu si ombaomba, huyu ni msomi, amefanya mtihani wa taifa kama watoto wako, anapiga taipu, anajua Kiingereza, ana adabu, ana nidhamu, na kama duka hili linadhani kila asiyeona ni wa sadaka basi limekosea sana. Wateja waligeuka. Wanawake wa mboga waliokuja kununua chumvi walisimama mlangoni na matenga yao kusikiliza vizuri. Sijui nilisema kwa muda gani. Nyuma ya pazia simu ililia, ikalia.

Mzee alikunja gazeti. "Samahani, mwalimu," akasema. "Nimekosa. Sasa niambie, simu atapokea nani, wewe au yeye?"

Ndipo binti akapapasa kaunta, akaiweka ile sarafu juu yake, na kusema, "Mzee, asante. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya hiyo inayolia."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alimkalisha kwenye swichibodi, akamwonyesha vifuniko kwa kumshika kidole, kisha akaagiza watu wa ghala na wa mashine wapige simu mmoja mmoja. Mara ya kwanza binti alichanganya laini. Mara ya tatu alimwambia mmoja wao, kabla hajajitaja, "Wewe ni yule wa ghala mwenye mafua." Mzee akasema aanze Jumatatu ya wiki ya pili yake, akapate kwanza baraka za nyumbani. Angelala kwangu Mafiga. Tulitoka pale tukicheka barabara nzima kama watu waliolewa.

Jumamosi nilimpandisha kwao. Nilimkuta baba yake anapalilia karoti kwenye mteremko ambapo mimi nisingethubutu hata kusimama. Nilimweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, umefanya jambo kubwa. Tumekusikia." Mama aliendelea kuchambua njegere. Walinifungia kabichi mbili, wakanisindikiza mpaka mtoni. Kwetu Mbeya baba akipokea jambo namna ile, limekwisha. Nilishuka naimba.

Jumatatu yenyewe niliwahi Bigwa alfajiri, mahali wanapopumzikia wanawake wanaoshusha mboga sokoni. Waliteremka mmoja mmoja na matenga kichwani, nikawasalimu wote. Binti hakuwamo. Nilisubiri mpaka jua likawa kali, kisha nikaenda kumwomba mzee uvumilivu, safari hii kwa sauti ndogo. Akanipa mpaka Alhamisi. Kulikuwa na mpwa wa karani wake aliyeitaka nafasi hiyo, mtu mwenye macho, na mzee hakunificha kwamba swichibodi haiwezi kulia peke yake wiki nzima.

Jumanne nilipanda tena, na mvua ya vuli ikinipiga mgongoni. Nilimkuta binti jikoni, anachambua njegere na mama yake. Pale pale nilipoogopa kumwona. Nilijisikia kulia.

"Baba si alikubali?" nikamuuliza.

"Baba alikusikia, mwalimu," akasema. "Mjomba hajaambiwa."

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa kumsemea ni kaka wa mama yake. Jambo hilo nililijua. Nilikuwa nimelifundisha darasani, tena nikalitungia swali la mtihani la alama kumi, na yeye huyu binti alipata zote kumi. Nilimuuliza kwa nini hakunikumbusha. Akasema, "Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mjomba alikaa ng'ambo ya bonde. Tulikwenda watatu, mama mbele, mimi na binti nyuma, na njiani yeye ndiye aliyenishika mkono kwenye utelezi. Tulimkuta mzee mrefu mkavu, rozari shingoni, koti la zamani begani. Kabla ya kusema neno lolote alikohoa mara mbili, kwa kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nilimwamkia, nikapiga goti kabisa, mimi ambaye magoti yangu ni magumu.

"Marahaba," akasema. Akakohoa mara mbili. "Mwalimu, nimeletewa habari na kina mama wa sokoni. Kwamba mtoto wetu ulimpeleka mjini siku ya Ijumaa, akapewa hela dukani. Nami mjini nimefika. Vipofu wa Ijumaa nimewaona wamepanga mstari juani. Huku kwetu hata asipoona, anakula na watu wake. Hajanyoosha mkono kwa mtu. Sasa unataka akakae kule kila siku?"

Kumbe ndivyo ilivyopanda mlima! Ile hasira yangu ya dukani ndiyo iliyowasimamisha wale wanawake mlangoni, na sarafu wakaibeba mpaka huku pamoja na chumvi yao. Mdomo ulinijaa maneno. Nilivuta pumzi nianze hotuba ya pili, halafu nikakumbuka swali la yule mzee wa duka. Nikainama, nikaangalia matope ya viatu vyangu. Kunyamaza kule kulinigharimu kuliko ile mvua yote.

Binti alingoja kidogo, nadhani alikuwa ananipa nafasi kwa heshima. Alipoona kimya, akasema, "Mjomba, hela nilipewa kweli. Nikairudisha. Sitanyoosha mkono. Nitakaa kwenye kiti, watu watapiga simu, mimi nitasema nani azungumze na nani." Kisha akaongeza kwa Kiluguru, maneno mengi ambayo sikuyapata yote, ila nilisikia sauti yake ikitetemeka, na sikuwahi kuisikia ikitetemeka hata kwenye chumba cha mtihani.

Mjomba alikohoa. "Aende," akasema. "Lakini nitakuja kujisikilizia mwenyewe. Siku sisemi. Nikikuta yuko kwenye mstari, narudi naye jioni ile ile."

Jumatano tulishuka. Alhamisi saa mbili asubuhi alikaa kwenye swichibodi. Wiki tatu zilizofuata nilikuwa na raha na wasiwasi kwa pamoja. Jioni alirudi Mafiga ananiigia wateja wa Kilosa na Ifakara, tunacheka mpaka ugali unaungua, na usingizini nilimwona mjomba amesimama mlangoni na koti lake.

Alikuja Ijumaa. Niliitwa kutoka darasani, nikamkuta chini ya ubao wa matangazo, amevaa viatu vilivyombana. Akakohoa mara mbili.

"Nimetoka mjini," akasema. "Nimesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Mstari nimeuona. Yeye simwoni."

"Yuko ndani, mzee. Kwa nini hukuingia?"

Aliangalia koti lake. "Ningeingia, wangenipa hela na mimi."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilimwambia anifuate. Simu ya shule ilikuwa ofisini kwa mkuu, imefungwa kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia namba, na mkuu alitembea na ufunguo wake. Nilimwomba kwa namna ambayo hakuthubutu kuninyima. Nikazungusha namba ya duka, nikampa mjomba mkono wa simu. Aliushika juu chini. Nikaugeuza. Nilisogeza sikio langu karibu na lake, maana jambo lile lilikuwa langu pia.

"Habari za saa hizi," ikasema sauti ya binti, laini, ya kiofisi, sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Hapa dukani. Nikuunganishe na nani?"

Mjomba alinitazama kama ananiuliza huyu ni nani. "Sema," nikamnong'oneza, lakini hakuweza kusema. Alichoweza ni kukohoa tu, mara mbili, kwa kifupi.

"Shikamoo, mjomba," sauti ikasema.

"Marahaba," akasema mjomba, kwa nguvu mno, mpaka mkuu wa shule akaruka kitini. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mjomba. Mama hajambo?" Kisha nikasikia, nyuma yake, tak, kifuniko kimedondoka. "Mjomba, subiri kidogo. Kuna simu inaingia."

Laini ikabaki na mvumo. Mjomba alisimama wima katikati ya ofisi, simu sikioni, mkono mwingine kwenye rozari. Dakika ikapita, kisha nyingine. Mkuu wa shule alianza kuangalia saa yake na lile kufuli. Nikamwambia mjomba kwamba anaweza kuiweka chini sasa, ameshasikia, tutapiga siku nyingine.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Amesema nisubiri," akasema.