Karai la Kupindua Juu ya Makaa

Sikilizeni, mimi chuma nnakijua. Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa mafriji pale Amani, na friji lililonishinda mimi halikuwa tena na wa kuliweza, lilikuwa la kwenda kufugia kuku. Kwa hiyo nilipoamua kwenda Darajani kununua karai la mkate wa ufuta, sikumuuliza mtu. Nimuulize nani? Chuma ni chuma, moto ni moto.

Sababu ya safari ile naisema wazi, maana siionei haya. Mke wangu alitaka kuniacha. Si kwa talaka, na wala hatukukosana. Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akiwa uwani, mbele ya seredani ya makaa, anapika mkate. Mkono wake wa kulia ukafa, na karai lake la chuma likamponyoka, likaanguka kwenye saruji na kupasuka. Alhamdulillahi alirudi kutoka hospitali na akili timamu, anatembea kwa kuvuta mguu kidogo, na ulimi wake hauna kasoro. Lakini ulimi wenyewe akawa hautumii. Mwanamke aliyekuwa akinitia makosa kuanzia kofia mpaka makubadhi, sasa ukimuuliza chai anasema ndiyo, ukimuuliza uji anasema ndiyo.

Ilipoingia Shaaban akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na karani wa afisi, kwamba mdogo wake wa Kiwengwa atakuja Ijumaa kumchukua.

"Nakwenda kukaa kule," alisema. "Nyumba hii haina mpishi. Mimi hapa nimekuwa mzigo, na wewe umechoka."

"Sikuchoka."

"Haya," akasema.

Ile "haya" ilinichoma. Zamani ningesema sikuchoka, angenijibu maneno ya kutosha mpaka magharibi. Wallahi niliogopa. Nimeishi na mwanamke huyu tangu ndevu zangu nyeusi, na sikuwa najua kulala katika nyumba asiyokuwemo.

Na tulikuwa tukimtunza, jamani, tena kwa adabu. Majirani zetu wa Mpendae walileta vyakula, sahani zikifunikwa kwa vitambaa vya kudarizi. Mimi mwenyewe nilishusha sauti. Mtu ambaye friji likinisumbua nalipayukia, nikitafuta miwani mtaa mzima unajua nimeipoteza, nilikuwa nikisema naye kama nasema na yai. Taratibu, mama. Kaa, mama. Usiinuke, utaanguka. Nilijiona mume bora Unguja nzima.

Basi nikalipima tatizo kifundi. Alisema nyumba haina mpishi. Kwake yeye, mpishi ni mkate wa ufuta. Ramadhani kwetu haijaingia mpaka harufu ya ufuta itoke uwani. Nikiweza kuupika mimi, mpishi kapatikana, maneno yake yamekwisha, na shemeji yangu atarudi Kiwengwa na gari tupu.

Kwa asiyeujua mkate huu, hupikwa hivi. Unga wa ngano hupigwa kwa tui la nazi na hamira mpaka uvutike. Hutandazwa ndani ya karai lisilo na tone la mafuta, ukanyunyiziwa ufuta juu. Ukishafanya vitundu, karai lote hupinduliwa kifudifudi juu ya makaa, mkate ukiwa ndani umeutazama moto, mpaka uso uwe wa dhahabu. Kisha hubanduliwa kwa kisu na kupakwa samli. Nilimwona akifanya hivyo tangu tuoane. Nilidhani kuona ni kujua.

Pale Darajani mwenye duka la vyombo alinipangia makarai chini, mstari mzima. Ya alumini nikayakataa hapo hapo, mepesi, hayana mwili, makaa yangeyapinda. Ya chuma cha kusubu yalikuwa mazito, meusi, na ngozi yake inakwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Halafu akatoa moja, nje jekundu, ndani jeusi linang'ara mpaka nikaiona kofia yangu.

"Hili, mzee wangu, hata ukimwaga gundi halishiki."

Nikamkumbuka mke wangu akihangaika na kisu, mkate mmoja baada ya mwengine, jasho linamtoka. Miaka yote hiyo, kumbe dawa ipo! Nililipia nikaenda zangu kifua mbele, na nilipompita muuza machungwa nikanunua na machungwa pia, kwa furaha.

Nikawasha seredani mwenyewe. Unga nilishaupiga. Nikamtolea kiti akakaa mlangoni mwa jiko, mkono wake umefunikwa khanga. Nilipolichomoa lile karai alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Mkate ukatandaa vizuri, ukafanya vitundu, masha Allah, vizuri kuliko hata vya kwake. Nikashika mashikio kwa matambara, nikalipindua.

Puu! Mkate ukaanguka juu ya makaa.

Nikasema bahati mbaya. Nikapika wa pili, nikaukandamiza kwa kijiko ili ushike. Puu! Wa tatu nikajaribu kuuzuia kwa vidole, na hadithi ya vidole hivyo naiacha. Uwa mzima ulinuka mkate wa kuungua, na karai lenyewe ule weusi wake wa kung'ara ukaanza kutoa moshi wa plastiki.

Nikamgeukia. Alikuwa akiyatazama makaa, katulia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolitoa mfukoni. Mkate wa ufuta lazima ushike, bwana. Usiposhika utapinduliwaje?"

"Na umenyamaza?"

"Umeshalinunua kwa mapenzi yako. Sikutaka kukuvunja moyo."

Hapo ndipo niliposhindwa. Kila nilichokuwa nimekimeza tangu siku ya hospitali kikapanda kwa mara moja.

"Tangu lini wewe unaogopa kunivunja moyo?" nikapiga kelele. "Umenivunja moyo kwa mchele, umenivunja moyo kwa mashati, harusi ya mwanetu ulinivunja moyo mbele za watu! Umekufa mkono, hukufa mdomo! Kama ungesema neno moja nisingeungua vidole! Kesho utavaa buibui, utakwenda Darajani na miguu yako, ukachague karai mwenyewe, na ukikosea ntakucheka mpaka Idi!"

Nyuma ya ukuta jirani yetu alikuwa akitwanga kitu, mchi ukasita. Mgonjwa, tena wa kiharusi, nimempigia kelele! Nilisema astaghfirullah moyoni nikamsubiri alie.

Akaniinulia uso.

"Usinipayukie," alisema. "Mimi si friji."

Akainuka kwa kushika mlango, akaingia ndani. Sikujua nimefanya nini. Lakini Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, buibui mkononi, anasubiri mtu wa kumvalisha.

Tulikwenda kwa teksi. Kutoka barabarani mpaka dukani aliegemea bega langu, nami nikaanza tena, taratibu, mama, taratibu. "Taratibu yako nimeichoka," akasema, na wala hakunitazama.

Mwenye duka akainuka kumpa kiti. Akakikataa.

"Mwanangu, mtu kaja kutafuta karai la mkate wa ufuta, nawe ukamuuzia lisiloshika?"

"Bi mkubwa, hakusema ni la mkate wa ufuta."

"Hakusema," mke wangu akakubali, akanigeukia mimi. "Hakuuliza wala hakusema. Fundi."

Kisha akaanza kuchagua, nami nikatazama. Kila karai la chuma aliligonga kwa vifundo vya mkono wa kushoto, sikio karibu. Lililolia alilitenga upande mmoja. Lililotoa sauti ya kopo alilisukuma, akaniambia lina ufa hata kama hauonekani. Akapitisha kiganja ndani. Lenye mawimbi akalikataa, mkate ungeiva huku na huku ukabaki mbichi. La laini sana akalikataa pia. Akatazama shikio lipi limekaa pembeni na lipi limesimama, maana karai likipinduliwa lazima mdomo wake uelekee makaa sawasawa, lisiegemee. Mwenye duka alitaka kumsaidia kuinua, akamwambia asubiri.

Yakabaki mawili. Moja lilikuwa saizi ya lile lake la zamani, zuri, zito. La pili dogo zaidi.

"Shika hili kubwa," akaniambia. "Lipindue. Tena. Lishike hivyo hivyo."

Nikalishika. Sikutaka kuonekana dhaifu, lakini mkono ulianza kutikisika.

"Tuchukue dogo," akasema. "Lile lilikuwa la mkono wangu. Hili liwe la wako."

Mwenye duka akasema masha Allah, bi mkubwa anajua. Mimi nikalipa. Njia nzima ya kurudi, lile karai mapajani, nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mtu anayemchagulia mwenziwe karai la kumtosha mkono, anajiandaa kumwachia. Begi lake lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa jibu.

Jioni akaniamrisha nilioshe, nilichome kwenye makaa mpaka litoe moshi, nilisugue kwa machicha ya nazi, nilichome tena. Nilifanya yote, sikubisha.

Ijumaa baada ya sala nikawasha seredani. Yeye akavuta kiti chake mpaka pembeni ya moto, akaliweka bakuli la unga kati ya magoti.

"Nyunyiza maji ndani ya karai. Si hivyo, umelikosha! Kidogo."

"Nimenyunyiza kidogo."

"Kidogo cha wapi? Cha kuogea?"

Mkono wake wa kushoto ukachota unga. Alikuwa hajaufundisha mkono ule kitu chochote cha maana maishani, na mkate wa kwanza ulitandaa kama ramani ya visiwa. Ukaungua. Wa pili nikaupindua mapema, akaniita mjinga. Nikamwambia mjinga ni mwenye kutandaza unga nusu karai. Akasema nusu karai inamtosha mwenye nusu akili. Nikamwambia ashike adabu. Wa tatu akapiga kelele, "Sasa! Pindua! Pindua, wee mwanamme!" nikapindua, nikafumba macho.

Haukuanguka.

Tulikuwa bado tunabishana kama umeiva au haujaiva nilipomwona shemeji yangu kasimama mlango wa uwani, viganja vimepasuka kwa maji ya chumvi ya mwani anaolima, uso umemwiva.

"Shikamoo, shemeji. Shikamoo, dada. Kuna nini? Nawasikia tangu barabarani."

"Marahaba," nikasema. "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na mgonjwa anatukanwa?" Akamwendea dada yake, akamshika bega. "Dada, gari liko nje. Twende. Kwangu hakuna atakayekupandishia sauti. Hutanyanyua hata kikombe. Utakaa, utalala, tutakutunza kwa upole."

Nikaweka karai chini. Kila alichosema kilikuwa kweli, na aliyepiga kelele ni mimi.

Mke wangu alikuwa akitafuna. Aliuvunja ule mkate wa tatu, akampa mdogo wake kipande, akakipaka samli kwanza.

"Onja."

Mdogo mtu akaonja. "Mgumu," akasema kwa adabu.

"Mbaya," mke wangu akamrekebisha. "Mbaya kabisa. Sikiliza, mdogo wangu. Tangu niugue, watu wote wananisemesha kama maiti anayengoja kuoshwa. Na huyu ndiye wa kwanza wao. Taratibu, mama, taratibu, mama. Nikasema kama nshakufa, nikafie kwetu Kiwengwa, nisiwasumbue. Juzi kanigombeza. Kanipayukia, kuta zikatetema. Nililia usiku kucha kwa furaha, naye akikoroma."

Shemeji akanitazama, akamtazama dada yake, kile kipande cha mkate bado mkononi.

"Sasa nifanye nini na gari?"

"Lingoje. Utachukua mikate, ikitoka ya kuchukulika. Begi langu lirudishe chumbani."

Mimi niliinama kwenye seredani kama mtu anayepuliza makaa. Lakini sikuwa na pumzi ya kupuliza. Machozi yalikuwa yakinitiririka mpaka kwenye ndevu, na sikuyazuia. Bakuli la unga alikuwa ameshalitua chini, karibu na moto, nami nimeliinamia. Akalivuta kwa mkono wake wa kushoto.

"Wewe, usinililie kwenye unga," alisema. "Chumvi nshatia."