Mazungumzo ya Mama

Harufu ya wanga ukiungua chini ya pasi ya makaa hunirudisha kwa mama, aliyekuwa akipiga pasi nguo za Wazungu wa mtaa wa Kizingo. Alikuwa Mkristo, na kila asubuhi alizungumza na Mungu kama anayezungumza na mtu aliyeketi naye chumbani. Mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, aliposhikwa na homa, mama alimwombea juma zima, mkono mmoja kwenye pasi, wa pili kwenye paji la mtoto. Tulimzika Jumapili. Kesho yake mama akawasha makaa, akaanza tena mazungumzo yake, sauti imemkauka.

“Mama, anakusikia?” nikamuuliza.

“Sijui, mwanangu,” akasema bila kuniangalia. “Lakini sina mwingine wa kumwambia.”