Kaburi Lililoko Mukuju

Binti yangu aliitwa kwa chifu, mbele ya wazee wanaowahoji vijana wa mpakani kabla hawajapewa kitambulisho cha Kenya. Bila kitambulisho, nafasi yake ya chuo cha uuguzi ingepewa mwingine.

Huku Busia, upande wa Kenya, kila mtu anajua wazee watauliza nini: kaburi la babu yako liko wapi? Alikolala babu ndiko kwenu. Marehemu mume wangu alizaliwa na kuzikwa hapa Kenya, lakini baba yake alirudishwa Mukuju, ng'ambo Uganda, akazikwa kwenye ardhi ya ukoo. Kwa hiyo nilimfundisha mtoto kudanganya. Wiki nzima, akiosha vyombo, nilimuuliza naye akajibu: Amagoro. Huko nako, upande huu wa Kenya, tuna jamaa waliozikwa, na sikuona nani angekwenda kufukua.

Jioni ya mwisho alinisomea kwenye simu habari za Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mababu wa baadhi yao hawakuhama hata hatua. Vita ndivyo vilivyosogeza mpaka, wakajikuta nchi nyingine. Mchikano lilikuwa neno la dharau, mpaka vijana wenyewe wakalichukua wakajiita hivyo kwa fahari.

"Ni kama sisi, mama. Watoto wa panya."

Nilimkemea. Tororo, kule Uganda, naitwa Mkenya, Busia naitwa Mganda, na panya naitwa kotekote, kwa sababu ya njia za panya tunazopita kwenda sokoni na matangani. Tusi hilo nalichukia tangu utotoni.

Basi kwa chifu nikaketi nyuma, yeye akasimama mbele ya wazee. Mzee mmoja akamsalimia kwa Kiteso, akauliza, "Kaburi ya babu yako iko wapi?"

Binti yangu akageuka akanitazama, nami nikajua hatadanganya.

"Iko Mukuju, mzee. Ng'ambo. Lakini baba amezikwa hapa, na mimi nimezaliwa hapa. Sisi ndio wale mnaita watoto wa panya."

Hakuna aliyecheka. Mzee akavua miwani. "Na hiyo kaburi nani hupalilia?"

"Mimi na mama. Kila Disemba."

Akanigeukia. "Mama, ni ukweli?"

Amagoro ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningeweza kusema mtoto amechanganyikiwa. Lakini alikuwa amesimama wima, akimtazama mzee usoni.

"Ni ukweli," nikasema. "Sisi ni watoto wa panya."

Walinong'onezana, wakatuambia tungoje kupigiwa simu. Sijawahi kuogopa namna hii. Begi lake la chuo liko mlangoni, limeshafungwa. Simu ikilia tunatazamana, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuipokea.