Koko na Wanawake wa Shingo za Shaba

Mara ya kwanza mchumba wangu kunipeleka kwao, upande wa Kajiado, nilifanya mazoezi ya kusalimia tangu tulipotoka Kitengela. Kwao aliye mdogo humwinamia mzee kichwa, naye mzee humgusa utosini kwa kiganja. Basi nikainama mbele ya nyanya yake, ambaye boma zima humwita Koko. Nikangoja. Kuinua macho, naona amenyoosha mkono, tusalimiane kama watu waliokutana benki. Nikaushika. Ningefanya nini?

"Atakuzoea," mchumba wangu akaniambia.

Hakunizoea. Chai alinipa, nyama alinipa, tena sehemu nzuri nzuri, lakini kichwa changu hakukigusa. Wajukuu wakija, hata wale watundu wanaofukuza mbuzi wake, kiganja utosini. Mimi, mkono. Najua mtasema mtu wa mjini Ngong kama mimi amezaliwa akisalimiwa kwa mkono, analilia nini? Lakini ule mkono ulikuwa unaniuma. Ulikuwa unasema huyu ni mgeni, na harusi ilikuwa inakaribia. Sikutaka kuolewa katika boma halafu niwe mgeni wa Koko maisha yangu yote.

Nikaamua kumwingia kwa njia ya ushanga, kwa sababu anaupenda kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa ameanza kunitengenezea ushanga wa harusi, ule mpana wa duara unaokaa shingoni na kufunika mabega. Alasiri moja, yeye akipanga shanga kwenye waya, nilitoa simu nikamwonyesha Koko video ya wanawake wa Kipadaung, kule Burma, wale wanaozungushiwa shaba shingoni tangu wakiwa wasichana wadogo. Nikamweleza kwamba shaba husukuma mabega chini, ndio shingo ionekane ndefu vile. Koko akaishika simu kwa mikono miwili, karibu na pua.

"Huyu anameza chakula?"

"Anameza, Koko."

"Na kulala?"

"Analala nayo."

Akatazama tena. Nikaona nimempata. Halafu akauliza, "Na akikutana na mzee, anainamisha kichwa namna gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. "Sijui, Koko. Labda wanasalimiana kwa mkono."

"Aah," akanirudishia simu. "Basi hao ni watu wa kwenu."

Mama mkwe alicheka mpaka shanga zikamwagika. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kweli kweli, na nikaokota shanga hizo kwenye vumbi bila kumtazama mtu.

Siku ya harusi nikavishwa. Ushanga ulikuwa mzuri jamani, mwekundu na mweupe na buluu, tabaka juu ya tabaka. Lakini shingo yangu nayo Mungu aliipima kwa kijiko. Kidevu kilikuwa kimekalia shanga, naangalia mbele tu kama askari. Tukapelekwa kusalimia wazee, na wa kwanza alikuwa Koko, ameketi kwenye kigoda, chai mkononi.

Nikajaribu kuinama. Ushanga ukagonga kifua, ukainuka nyuma, ukanikaba. Nikajaribu kukunja kiuno, nikayumba nusura nimwangukie. Watu wakaanza kucheka chini chini. Nikachoka. Nikasema basi, kama ni mkono na uwe mkono, nikaunyoosha mwenyewe.

Koko akautazama ule mkono. Akaupiga kofi kidogo, ukaanguka.

"Wacha hiyo," akasema.

Akaweka kikombe chini, akashika fimbo yake, akasimama polepole huku magoti yakimlalamikia. Akaweka kiganja utosini kwangu. Kilikuwa kizito na chenye joto, na hakukiondoa upesi. Machozi yakanitoka, rangi yote niliyopakwa Kitengela ikaanza kushuka mashavuni, na sikujali.

Koko akaketi, akaninyooshea kikombe. "Chai imepoa. Enda uniletee ingine."

Mama mkwe akataka kukichukua, kwamba leo ni bibi harusi, asitumwe. Koko akamkatalia. Kwao mgeni hatumwi. Anayetumwa ni mtoto wa nyumbani.

Nikakichukua kikombe, nikaenda jikoni nikikimbia, ushanga ukirukaruka mabegani. Wapishi wakashtuka kuona uso wangu, wakauliza ni nani ameniliza siku ya harusi yangu.

"Hakuna," nikawaambia. "Nimetumwa chai."