Tulivyohamisha kadi za damu Amagoro bila kupoteza hata moja, na bado kitu kikabaki nyuma

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio macho mbele ya screen.

Kuna kijana ameuliza humu jinsi ya ku-upgrade OS ya server bila kuharibu database. Mmemjibu vizuri: backup, test, kisha hama. Naongeza yangu ya miaka ya sabini. Server hatukuwa nayo, lakini haya niliyaona kwa macho yangu na sitatia chumvi.

Nilikuwa karani wa hospitali ndogo ya misheni karibu na Amagoro, mpakani mwa Kenya na Uganda. Friji ya damu hakuna. Damu yetu ilitembea kwa miguu yake, sokoni na shambani, ndani ya watu waliokubali kuitwa ikihitajika. Kila mmoja alikuwa na kadi: jina, group ya damu, kwao wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa database.

Kadi zilikaa kwenye kabati la mbao, kila droo soko lake. Droo ya Amagoro, ya Bumala, ya Khunyangu.

Mchana mtulivu nilipenda kuketi pale, malori yakinguruma kwa mbali kuelekea Malaba, harufu ya muhogo uliokaushwa ikiingia dirishani. Nilivuta droo na kuirudisha, bila sababu. Niliona kama nchi yote imelala mle ndani.

Kisha makao makuu yakatuletea mfumo mpya, kadi zenye matundu pembeni. Kila group ina tundu lake; kadi za group O unakata tundu lao mpaka ukingoni likae wazi. Unapitisha sindano ndefu kwenye tundu hilo la kadi zote, unainua, na wale wa O wanaanguka mezani taratibu. Wakuu, ilikuwa raha. Siku zingine niliinua bure tu, nizitazame zikianguka.

Nilinakili kila kadi, Sista Kresensia akinisomea. Tukafanya test: swali moja kwa kabati la zamani na kwa mfumo mpya. Majina yakalingana yote. Nikataka kuchoma zile za zamani.

Sista akasema, "Wacha zikae kwanza. Hiyo kabati imekuomba ugali?"

Nikacheka, nikaziacha.

Mchana mmoja wa mvua, mke wangu Amoit akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Mtoto mzima, lakini damu ya mama ikakataa kusimama. Yeye ni group O, mimi siyo. Niliogopa, nikakimbilia kadi mpya.

Nikapitisha sindano. Kati ya walioanguka, wa karibu kuliko wote alikuwa Abdalla, muuza sufuria, kwao Busia mjini. Dereva akawasha Land Rover. Kwa matope yale, kwenda Busia na kurudi, giza lingetukuta.

Sijui kwa nini nilirudi kwenye kabati la zamani. Nadhani ni mazoea: tulikuwa tunaamka tukijua soko la leo liko wapi, na droo hiyo ndiyo tunafungua. Siku hiyo soko lilikuwa Amagoro. Nikavuta droo ya Amagoro, na Abdalla alikuwa ndani.

Mnaona? Wachuuzi wa mpakani hawashindi nyumbani, wanafuata masoko. Kadi ilisema Busia. Droo ilisema leo yuko hapa karibu. Hilo halikuandikwa kwenye kadi, kwa hivyo sikulinakili.

Nilitoka mbio. Dereva akauliza, "Sasa boss, ni Busia ama Amagoro? Sema moja."

"Amagoro."

Tulimkuta Abdalla amejikinga chini ya turubai na sufuria zake. Nilipomweleza, alisimama tu, akamwambia muuza nyanya wa jirani, "Mama, niangalilie hii mali." Akaingia garini akiwa amelowa.

Jioni midomo ya Amoit ilianza kupata rangi. Akafungua macho, akaniuliza kama mvua imeisha. Nikasema imeisha, na bado ilikuwa inanyesha. Nililia bila aibu.

Baadaye tulikata tundu la soko kwenye kila kadi mpya.

Funzo langu, wakuu: data haiko ndani ya rekodi peke yake, iko pia kwenye mpangilio na mazoea ya wanaoitumia. Test inajibu tu ulichoiuliza. Mfumo wa zamani usiuzime mpaka ule mpya upitie siku mbaya.

Nanyi, ni kitu gani kilibaki nyuma mlipohama? Andikeni hapa, nitasoma pole pole. Amoit ananiita nikanywe chai.