Safu ya Tatu

Mounira binti Ousseni alijifunza kutengeneza kurasa za intaneti kabla hajaiona intaneti yenyewe. Hilo halikumsumbua. Moroni, mji mkuu wa Komoro, ilikuwa na watu wengi walioweza kukueleza Paris mtaa kwa mtaa, na hawajawahi kuvuka hata kwenda kisiwa jirani cha Mwali.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, katika duka la fotokopi la Nassurdine pale Magoudjou. Mounira, mtoto wa Mutsamudu, alikuwa ameajiriwa hapo kuwapigia watu chapa barua zao: maombi ya kazi, maombi ya viza, na mashtaka dhidi ya majirani, ambayo ndiyo yaliyoliweka duka mjini. Kisiwa chake, Ndzuani, kilikuwa kimetangaza mwaka uliotangulia kwamba kimejitenga na visiwa vingine. Bahari ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo tangu zamani, lakini safari hii kulikuwa na tangazo na muhuri.

Kitabu kilikuja kwa njia ya halali. Mgeni mmoja alikileta kifanyiwe fotokopi, kitabu cha Kifaransa kinachofundisha kuandika kurasa hizo, na Nassurdine, ambaye hakuwahi kumnyima mtu nakala, hakujinyima na yeye. Wanafunzi wakawa watatu: Nassurdine mwenyewe, Mounira, na Hanane, mwalimu wa hesabu ambaye shule yake ilikuwa katika mgomo usiojulikana mwisho. Kwa kuwa nakala ni moja na watu ni watatu, walikigawa kama watu wanavyogawana juzuu kwenye hitima, kila mmoja na zake, ili kisomwe chote kwa mkupuo. Nassurdine alichukua milango ya picha. Mounira alichukua viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine. Hanane alichukua majedwali na mabaki yote. Thawabu ya hitima humfika kila aliyeketi. Ujuzi haukufanya hivyo. Kila mmoja alijua theluthi yake, na kwa mbili zilizobaki alikuwa mwombaji kwa wenzake. Waliitana fundi, kwa heshima kamili, kana kwamba wametimiza miaka thelathini kazini.

"Fundi wa viungo," Nassurdine aliita siku moja kutoka kwenye mashine yake, "picha yangu kwangu inaonekana, kwa Hanane haionekani."

"Umeiandikia anwani ya wapi?"

"Ya hapa. Ndani ya kompyuta yangu."

"Basi anayetaka kuiona aje kwako, avue viatu mlangoni."

Hivyo ndivyo walivyofundishana. Kila ukurasa mmoja wao alioutengeneza, wenzake waliusoma mara mbili: kwanza kwa mbele, kama msomaji wa kawaida, kisha walifungua maandishi ya nyuma yanayouunda, waone mwenzao amefanyaje. Usomaji wa pili ndio uliokuwa na vicheko.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, wajumbe wa Ndzuani walirudi kutoka mkutanoni Madagaska bila kutia saini mapatano ya kuviunganisha visiwa tena. Vijana wa Moroni, ambao hakuna aliyewahi kuwaomba saini ya chochote, waliingia mitaani kuwatafuta Wandzuani. Waliwapata kwa urahisi. Walikuwa majirani zao.

Mounira alikwenda kwanza kwa kaka yake. Zaïd alikuwa seremala, amemwoa Djaouharia, mwenyeji wa Magoudjou, na kama ilivyo desturi ya visiwa vyote, vilivyojitenga na visivyojitenga, mume ndiye aliyehamia kwa mke.

"Kaka, twende. Boti inaondoka saa nane."

"Niende wapi? Hapa ni kwa mke wangu."

"Hao hawatauliza nyumba ni ya nani."

"Mwanamume hufukuzwa na mkewe, hafukuzwi na mtaa." Zaïd aligeuka. "Djaouharia, umenifukuza?"

Djaouharia alikuwa akipigilia ubao kwenye mlango wa uani, misumari ameibana mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Bado," alisema. "Nafikiria."

Walicheka wote watatu, na Mounira akaondoka peke yake. Hanane alimsindikiza hadi bandarini, akitembea upande wa barabara, na kila walipoulizwa alijibu yeye, kwa lafudhi ya mtu ambaye nyanya zake wote wamezikwa Ngazidja, kisiwa cha Moroni. Nassurdine alimpa disketi mbili ndani ya pakiti ya biskuti.

Mama yake, Mama Moina, alikuwa akikaa Hombo, mtaa wa Mutsamudu, karibu na hospitali. Alimpokea bintiye mlangoni, akatazama nyuma yake, kisha akatazama tena.

"Zaïd yuko wapi?"

"Atakuja na boti ijayo, mama."

Boti ijayo ilikuja, na iliyofuata ilikuja. Kisha zikawa haziji. Simu kati ya visiwa ilikuwa siku inaita, siku haiiti, na siku iliyoita kila mtu aliamini kwamba yupo wa tatu anayesikiliza, kwa hiyo watu waliulizana afya na kukata. Mama Moina alipoteza usingizi, kisha akapoteza hamu ya kula. Hakulia. Aliuliza tu, kila siku, kama mtu anayeuliza saa.

Mounira alipata kazi kwa Elamine, mfanyabiashara wa saruji na mchele mjini Mutsamudu. Elamine alikuwa na kompyuta ya kuhesabia mali ya ghala. Ghala lilikuwa tupu, na kompyuta ilikuwa na nafasi. Umeme ulipokuwepo, baada ya sala ya alasiri, Mounira alikaa mbele yake na kuandika majina ya watu walioshuka kwenye boti wakitokea Moroni, ili jamaa waliobaki huko wajue nani amefika salama. Ukurasa huo aliuita "Waliofika". Disketi aliichukua Bourhane wa Mirontsy, mji wa jirani, aliyekuwa akienda Moroni kwa kuzungukia Mwali akiuza vitunguu, au akisema anauza vitunguu. Baada ya wiki tatu ilirudi na salamu za Nassurdine, somo la picha la kurasa nne, na majina kumi na tisa ya Wandzuani waliobaki Moroni. La mwisho lilikuwa Zaïd.

Mama Moina alisoma hati za Kiarabu tu. Hizi nyingine aliziona ni nyayo za kuku. Lakini alikuja dukani, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Nionyeshe."

Mounira aliweka kidole. "Hapa, mama. Zaïd."

Mama alilitazama lile jina kwa muda mrefu. Kisha alikwenda nyumbani akala sahani nzima ya wali, akalala mpaka alfajiri.

Ndipo ukazaliwa ukurasa wa pili, "Waliobaki". Watu walikuja kwa Elamine kutoka Mirontsy na kutoka vijiji vya mlimani, kila mmoja na jina la mtu wake. Nassurdine na Hanane waliulizia Moroni, wakajibu kwa disketi. Na kila disketi ilibeba somo, maana mafundi hawakuacha darasa. Mwezi wa saba, Hanane alituma somo la majedwali. Aliandika: "Fundi wa viungo, sasa nakupa ufalme wangu. Usinitie aibu."

Mounira hakulala mchana siku tatu. Alijifunza kuchora mistari, kulaza na kusimamisha, kupaka kichwa cha jedwali rangi ya buluu. Orodha yake ilikuwa na vitu viwili tu, jina na kazi ya mtu, na jedwali la safu mbili lilionekana maskini, kama nyumba yenye kuta pande mbili. Aliongeza safu ya tatu. Safu ikishakuwepo inadai kujazwa, na majibu ya Nassurdine yalikuwa na habari za kuijaza: mtu yuko mtaa gani, kwa nani. Basi aliandika "Anakaa wapi", na chini yake akajaza wote sitini na wawili. Kwenye mstari wa mwisho aliandika: Zaïd, seremala, Magoudjou, kwa mkewe Djaouharia, mlango wa kijani nyuma ya msikiti mdogo.

Lilikuwa jedwali zuri. Elamine aliliita la kitaalamu. Bourhane alilibeba katikati ya vitunguu vyake.

Jibu lilichelewa. Lilipofika, umeme ulikuwepo na duka lilikuwa limejaa watu wanaosubiri kusomewa. Mounira alisoma ukurasa wa Nassurdine kwa sauti. Ulikuwa na salamu, majina machache mapya, na sifa: "Jedwali lako limesomwa na wengi." Watu waliridhika, wakaondoka. Mama Moina alitaka kuonyeshwa jina, akaonyeshwa, akaondoka.

Alipobaki peke yake, Mounira alifungua maandishi ya nyuma, kama walivyozoea, aone fundi wa picha amefanya nini safari hii. Kitabu kilikuwa na kifungu, katika yale mabaki ya Hanane, kinachosema kwamba maneno ukiyafunga ndani ya alama fulani hayatokei kwenye kioo. Yanabaki nyuma, kumkumbusha mwandishi mwenyewe. Katikati ya ukurasa, ndani ya alama hizo, Nassurdine alikuwa ameandika:

"Wale vijana wamekuja. Wana jedwali lako kwenye karatasi, safu zote tatu. Nilimpa nakala kila aliyesema anatafuta ndugu, na hao pia walisema hivyo. Wamegonga mlango wa kijani. Djaouharia amewaambia mumewe aliondoka na boti. Hawakumwamini yeye, ila karatasi wanaiamini. Kila Ijumaa wanakuja dukani kuuliza orodha mpya, wananisalimia vizuri, wananiita fundi. Safu ya tatu ifute kwa wote. Na Zaïd mtoe kwa waliobaki, mtie kwa waliofika. Yuko juu ya dari tangu Jumatatu. Upesi."

Mounira alisoma mara tatu. Alitazama jedwali lake, kile kichwa cha buluu. Kulifuta kulichukua muda mfupi kuliko kulijenga. Kwanza iliondoka safu ya tatu, mitaa yote na milango yote. Kisha aliushika mstari wa Zaïd, akauondoa hapo, akauweka kwenye ukurasa wa waliofika, chini ya watu walioshuka kweli, waliotapika baharini kweli. Alifikiri kuwahamisha wote sitini na wawili. Lakini hapo Ndzuani nzima ingeamkia sherehe ya watu wasiokuwepo, na hata wale vijana wa Magoudjou wangeshtuka. Mmoja angeweza kupita. Alimhamisha mmoja, na akajua ni nani amemchagua.

Bourhane aliondoka kesho yake asubuhi. Lakini ukurasa wa "Waliofika" haukusomwa Moroni tu. Ulikuwa ukibandikwa pia mlangoni kwa Elamine, kwa amri ya Elamine, na kuubadilisha kwa Moroni bila kuubadilisha kwa Mutsamudu kusingefaa, kwa kuwa Bourhane hakuwa mtu pekee aliyekuwa akiuza vitunguu. Mounira aliubandika kwa mkono wake. Kisha alikwenda nyumbani mbio, awahi kabla ya majirani.

Alimweleza mama yake yote, hata ile safu.

Mama Moina alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo wake wa mchele. "Nani alikuambia uandike mlango?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa nimejifunza tu."

"Na sasa karatasi inasema yuko hapa."

"Inasema."

"Na hao watu wakiwa na ndugu yao hapa, watamuuliza."

"Watamuuliza."

Mama alipeta mara mbili, akapuliza makapi. "Basi mwanangu amefika," alisema. "Niletee lile godoro lake."

Walilitandika chumba cha ndani, wakashusha pazia. Mama Moina aliweka kandambili za kiume kizingitini, za marehemu Ousseni. Alitazama, akaisogeza moja ikae upande, kama aliyevua kwa haraka.

Alasiri hiyo majirani walianza kuja. Walishika mikono ya Mama Moina, wakamwambia alhamdulillahi, na yeye akaitikia alhamdulillahi. Aliwaambia mwanawe amekonda. Mmoja alileta maziwa, mwingine alileta dua. Hawakukaa; watu wanajua mtoka safari ni mchovu.

Wa mwisho alikuwa Bi Bouchra, kutoka Mirontsy, amekuja kwa miguu na mkate wa sinia umefungwa ndani ya kitambaa. Mwanawe Fakri alikuwa mstari wa kumi na mbili katika orodha ya waliobaki, na tangu mwezi wa tano hakukuwa na habari yake nyingine. Alipanga mkate mezani, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri.

"Sitamchosha," alisema. "Nataka kumuuliza neno moja tu. Alimwona Fakri?"

Mounira alifungua mdomo. Mama yake alimtangulia.

"Amelala, dada yangu."

"Masikini, mwacheni apumzike." Bi Bouchra aliziona kandambili, akatabasamu, akaketi mkekani, mgongo ukutani. "Nitamsubiri aamke," alisema, na sauti akaishusha.