Shosho alijua nani alipeleka chakula msituni, na hakuweza kudanganya

Wakuu, habari zenu. Naandika hii nikiwa bado nimechangamka, kwa hivyo mnivumilie nikiruka ruka. Chumvi sitaongeza. Pale nisipokuwa na uhakika nitawaambia sina uhakika.

Wanaonijua humu wanajua mimi ndiye yule msichana wa kubishana kwenye kila uzi wa dini. Nina degree, sina kazi, nina maswali. Na msimamo wangu mnaujua: kumcha Mungu ni kitu mwanamke alifundishwa ili akae kimya.

Basi wiki jana nilikuwa Embu, kule juu karibu na msitu, kwa shosho, bibi yangu mzaa baba. Amepita miaka tisini. Masikio mazima, ulimi mkali. Tulikuwa nje tunaambua maharagwe nikamtupia swali.

"Shosho, huku kumwogopa Mungu kumewahi kukusaidia nini wewe kama mwanamke?"

Nilitegemea mahubiri. Akaniuliza, "Una haraka?"

Haraka ya kwenda wapi, na sina kazi?

Akaanza.

Ilikuwa miaka ya Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Watu walikuwa wametolewa mashambani kwao wakarundikwa kijiji kimoja, nyumba zimebanana, mtaro wenye miti iliyochongwa ncha umezunguka pande zote. Guka, mume wake, alikuwa kizuizini. Wanaume wengine walikuwa msituni wakipigana, na wengine walikuwa homeguard, upande wa serikali ya mkoloni. Huo mtaro ulichimbwa na wanawake.

Shosho alikuwa na miaka kama ishirini. Ameolewa, hana mtoto. Mama mkwe wake alikuwa akimwita mti usiozaa, tena si kwa kunong'ona.

Halafu akaokoka.

Kwa wadogo humu: waliookoka wa zamani hawakuwa kama hawa wa spika. Walisimama mbele ya watu wakakiri kila kitu, hata kidogo kabisa. Shosho akamrudishia jirani ungo aliokaa nao mwaka mzima akisema umepotea. Akaenda hadi kwa mke wa headman, yaani mke wa mkubwa wa homeguard mwenyewe.

"Mama, nilikuita fisi pale mtoni. Nisamehe."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mumewe. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua kwamba kuna mwanamke hapa hawezi kudanganya hata akitaka.

Na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Asubuhi moja homeguard waliokota kiondo ukingoni mwa msitu. Ndani kuna githeri, mahindi na maharagwe, bado ina moto. Kumaanisha mwanamke wa kijiji analisha watu wa msituni. Na shosho anasema waliochukuliwa pale kwao kwa kosa hilo, hakuna aliyerudi.

Headman akawakalisha wanawake wote uwanjani. Akauliza mmoja mmoja. Sijui, mzee. Sijui, mzee. Akamfikia shosho.

"Wewe wa kutubu. Unajua?"

"Najua."

Wakuu, mimi niliacha maharagwe.

"Ni nani?"

"Hilo sitakuambia."

Nikamkatiza. "Shosho! Si ungesema tu hujui? Si wote wamesema?"

"Ningesema hivyo, ningekuwa nimemwogopa yeye kuliko Mungu. Na huyo headman nilikuwa nimemwona akifukuzwa na kuku wake mwenyewe."

Lakini headman hakuwa mjinga. Akasema, "Sawa. Wewe hudanganyi. Nitakutajia mmoja mmoja. Kama siye, sema siye, aende nyumbani kwake."

Mmeuona mtego? Akisema "siye" kwa wasio na hatia, basi yule atakayemnyamazia ndiye. Na uongo hawezi. Shosho hajakanyaga darasa la kwanza, lakini aliuona pale pale, amekaa kwenye vumbi mbele ya bunduki. Mimi na degree yangu nilihitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa hivyo akaamua kuwanyamazia wote.

Headman alianza na bibi kikongwe ambaye hata miguu haikuwa yake. Shosho kimya.

"Wewe mtoto, sema!" bibi akalia. "Choo chenyewe napelekwa, msituni nitafika vipi?"

Kimya.

Akafika kwa mama mkwe. "Sema si mimi! Mbuzi zetu za mahari zilienda kwenu bure? Sema!"

Kimya.

Mwishowe headman akamwinamia. "Ni wewe?"

Na hapo pia akanyamaza. Angesema si yeye, angekuwa ameanza kupunguza orodha.

Alipigwa kitako cha bunduki begani. Mkono huo mpaka leo haupandi juu ya sikio. Kijiji kizima kikapewa wiki mbili za mtaro, alfajiri hadi jioni, hakuna kwenda shambani. Lakini hakuna aliyechukuliwa. Hata mmoja!

Wanawake hawakumshukuru. Walimchukia. Mama mkwe alimnyima hata kaa la kuwashia moto.

Nikamuuliza, sasa faida iko wapi?

Akasema, "Siku hiyo watu wote walikaa wakingoja neno langu. Mimi, mti usiozaa. Nikajua nina kitu ambacho hata mwenye bunduki anakihitaji. Na alinipa Mungu, hakikutoka kwa mume wala kwa mtoto."

Halafu sikieni hii. Miaka michache baadaye mashamba yakaanza kupimwa upya. Mpaka wa familia yetu ukaleta ugomvi. Wazee wamekaa, wanaume tupu, kila mtu ana mashahidi wake, na mashahidi wote ni waongo. Mama mkwe akasimama.

"Muulizeni mke wa mwanangu. Huyo hata mimi alikataa kunitetea."

Wazee wakacheka, wakamwita. Mwanamke, kutoa ushahidi wa mpaka! Akasema ukweli, na ukweli ulitupunguzia hatua nne za shamba. Mama mkwe hakumsemesha tena kwa mwezi mzima, lakini mpaka uko pale hadi leo na hakuna aliyeubishia.

Wakuu, sijaokoka. Nilimbishia hadi chakula cha mchana. Nikamwambia kunyamaza pia ni namna ya kudanganya. Akasema, "Hilo nimemuuliza Mungu miaka mingi. Akinijibu nitakupigia."

Ila nilichojifunza ni hiki. Nilidhani hofu ya Mungu ilimfunga mdomo. Kumbe iliwaondoa wengine wote kwenye orodha ya watu wa kuogopa. Mimi nisiyemwogopa Mungu naogopa HR hata kabla ya kuajiriwa, naogopa mashangazi, naogopa hata nyinyi mkinicheka hapa.

Sasa nipeni maoni yenu, hasa kuhusu yule bibi wa choo. Je, alitendewa haki? Mimi nasema hapana. Shosho anasema hapana pia, na kwamba alienda kumwomba msamaha kwa magoti.

Na ndiyo, nilimuuliza ni nani aliyepeleka ile githeri. Wote walishakufa, nikamwambia, taja tu.

"Alishaniambia asante," akasema, akasogeza ungo. "Ambua hayo yako."